Umeme wa gari la kulala: tuanze na hesabu ya matumizi

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa wengi wenu mnauliza ukubwa wa paneli ya sola ya gari la kulala (gari lililotengenezwa ili mtu alale humo safarini) kabla ya kujua mtatumia umeme kiasi gani, naomba kwanza mzidishe wati za kila kifaa kwa saa kinazofanya kazi kwa siku, kisha mjumlishe. Friji ndogo inayovuta wati 45 kwa jumla ya saa 8 hutumia wati-saa 360. Taa za LED hazina haja ya kuwahangaisha.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi huchakaa upesi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, ilhali ya lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi. Birika la umeme, kwa kuwa huvuta umeme mwingi, kwa maoni yangu libaki nyumbani.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, nayo isizidi kiwango ambacho waya unaweza kukihimili, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuzuia waya usiungue.