Mwanangu husahau, naomba asichapwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu jambo lililonichukua miaka kulielewa.

Nauza viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Mwanangu wa pili yuko darasa la nne. Zamani nikimtuma chumvi, kiberiti na sabuni, alikuwa akirudi na chumvi tu, chenji mkononi, macho chini. Shuleni alichapwa kwa kusahau jedwali la kuzidisha alilolikariri jana yake. Nami nilimchapa nyumbani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipima macho na masikio, ni mazima. Aliyetufumbua ni mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu. Alisema mtoto ana ulemavu wa kujifunza: akili anayo, ila hawezi kushika mambo mengi kwa mkupuo, ukimpa maagizo matatu, la tatu linalisukuma la kwanza nje. Alitusimulia pia habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuandika mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hupotea upesi mwanzoni, lakini ukikirudia kwa kupitisha siku kati, kinakaa.

Tulianza na namba yangu ya simu. Tarakimu kumi zilimshinda. Tukazikata nne, tatu, tatu, akazishika. Kisha vituo anavyopita mjomba wake, dereva wa lori: Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako. Sikumtajia ili aitikie. Nilinyamaza, nikamwacha avitafute mwenyewe kichwani, hata dakika nzima. Kungoja huko ni kugumu, mzazi unatamani kumsaidia! Tulirudia kesho yake, tukarudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Jedwali la tatu tulilipanga kwa viazi, vitatu vitatu, juu ya gunia tupu, na sasa analisema bila viazi. La saba bado linamtoroka.

Walimu wetu wana madarasa yaliyojaa, hilo nalijua. Ombi langu ni dogo: maagizo yaandikwe ubaoni, moja moja, na mtoto wa namna hii aulizwe ayaseme kwa maneno yake kabla ya kuanza kazi. Na fimbo iwekwe kando. Upimaji wa darasa la nne unakuja, na mwanangu akiiona fimbo mezani, hata Igurusi anaisahau.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya