Maji Yaliyobaki kwenye Kopo

Wajukuu zangu wa kikundi cha mazingira,

Najua mlitegemea barua ya pongezi. Risala yenu ya tarehe 5 Juni niliisikiliza nimekaa chini ya turubai, na fulana zenu za kijani zilinipendeza kweli. Mlipanda miche arobaini kando ya njia ya zahanati. Mgeni rasmi akapanda wake, akapigwa picha ameshika koleo, akanawa mikono, akaondoka. Jioni nikirudi nyumbani nilianza kuhesabu chupa za maji zilizoachwa pale chini. Nilipofika sitini nikachoka. Nyingi zilikuwa na maji nusu, zimelala ubavuni mwa miche yenye kiu. Nikanyamaza, maana mzee akisema kila anachokiona huitwa mkorofi.

Wiki chache baadaye karibu miche yote ilikuwa vijiti. Sasa sinyamazi tena.

Kilichonifungua kinywa ni filamu. Mjukuu wangu mmoja, ambaye hakuwa kwenye lile turubai, alikuja likizo na kompyuta yake akasema, “Bibi, leo tuangalie ya Kihindi.” Nikafurahi. Sisi wa rika langu filamu za Kihindi zilitulea. Nyimbo zake tuliziimba bila kujua neno hata moja, na waimbaji wa taarabu nao wakachota tuni zake. Nikajiandaa kwa mvua, ngoma na ngumi. Kumbe kaniletea Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, kwa Kibengali, picha nyeusi na nyeupe, kijiji kimoja maskini na watu wanaokula kwa shida. Nusu saa ya kwanza nilisinzia, sitawaficha.

Kilichoniamsha ni bikizee mmoja anayeitwa Indir. Mgongo umepinda, meno hayapo, mtandio wake una matundu. Anaishi kwa hisani katika nyumba ya ndugu yake, na mke wa nyumba, Sarbajaya, hamtaki. Mwisho anarudi pale mgonjwa, anaomba apumzike, ananyimwa. Anaomba maji, anaambiwa akachote mwenyewe. Anachota, anakunywa. Kisha, jamani, yale maji yaliyobaki anayamwagia kijimche kilichokuwa pale uani. Halafu anaondoka kwenda kufa kwenye mianzi, ambako watoto watamkuta.

Nilimwambia mjukuu airudishe. Aliirudisha mara tatu.

Mtu anafukuzwa, hana pa kulala, kesho hayupo, lakini maji yaliyobaki kwenye kopo lake yana mwenyewe. Hakupiga picha. Hakuna aliyemfundisha kwa bango. Ni mazoea ya mkono tu, mkono uliofanya hivyo miaka yote mpaka ukaendelea hata moyo ulipovunjika. Ninyi mlikuwa na chupa sitini na zaidi zenye maji, na miche mbele yenu, na hakuna mkono hata mmoja uliojua njia ya kwenda!

Nasema kwa ukali kwa sababu tulivyolelewa sisi nakumbuka. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa mbuzi. Maji ya kunawia yalikwenda kwenye mgomba nyuma ya bafu, ndiyo maana mgomba wa nyuma ya bafu ulizaa kuliko yote. Kanga ilianza kuwa nguo ya harusi, ikawa ya kushindia, ikawa ya kumbebea mtoto, ikawa nepi, ikamalizikia kuwa tambara la jikoni. Hatukuita mazingira. Hatukuwa na jina lake.

Msinielewe vibaya, sisifu umaskini. Ile filamu yenyewe haisifu. Binti wa ile nyumba, Durga, anacheza kwenye mvua ya kwanza ya masika yao, anashikwa na homa, na usiku wa dhoruba anakufa katika nyumba ambayo mlango wake hauzuii upepo. Baba anarudi kutoka safari na sari ya zawadi, mwenye kuivaa hayupo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba wazee waliishi vizuri kwa sababu hawakuwa na kitu, mwambieni akae usiku mmoja na mama yule. Nataka watoto wapate dawa na paa zuri, na maji ya kopo yasimwagwe ovyo. Vyote viwili.

Kuna jingine, linalohusu tarehe yenu. Mjukuu alinisimulia jinsi filamu ilivyotengenezwa. Ray alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya matangazo, hana fedha, mpigapicha wake hajawahi kushika kamera ya sinema, na kuna wakati vito vya mkewe viliwekwa rehani. Mwaka 1952 walianza na kile kipande cha watoto wanaokimbia kuona treni katikati ya majani marefu yenye maua meupe. Siku ya kwanza wakapiga nusu. Waliporudi kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Wakafanyaje? Wakangoja mwaka mzima mpaka yakachanua tena. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu hana senti, ana haraka ya kuonyesha kazi yake, na bado anakubali kwamba ua lina ratiba yake.

Ninyi mlipanda miche Juni. Juni, Morogoro! Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, ardhi inakauka. Siku ya Mazingira imepangwa na dunia, haikuuliza mvua ya kwetu. Hata mkulima wa darasa la pili angewaambia. Lakini hamkumwuliza mkulima, mliuliza bajeti inaisha lini. Na hilo si kosa lenu peke yenu. Wakubwa wamewafundisha hivyo: kazi ni ile iliyopigwa picha na kuandikiwa ripoti. Nani aliwahi kuja na mgeni rasmi kumwagilia mche mwezi wa tisa? Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukarudi kwenye vikapu, na tukaweza. Lakini kila semina ya mazingira mezani kuna safu ya chupa, kila mtu na yake, na jagi la maji hakuna.

Na bikizee Indir, mnamwona wapi mtaani kwetu? Yuko vyumba vya nyuma. Anaambiwa asiingilie. Ndiye anayejua mti gani unavumilia ukame wa hapa na upi unataka bonde, na siku ile ya turubai hakuna aliyemwita hata kushika koleo.

Mengine kwa ufupi, kwa sababu mkono unauma: tandazeni majani makavu kwenye shina, wekeni miiba mbuzi wasifike, pandeni miche kumi mnayoweza kuitunza, si arobaini, chupa zile nimeziokota, ziko kwenye gunia, njooni mzichukue.

Miche mitatu bado ina uhai: miwili jirani na bomba la zahanati na mmoja chini ya ukuta wa msikiti. Naimwagilia maji ya kuoshea mchele, lakini goti la kushoto limegoma tangu Jumanne. Ndoo iko barazani kwangu na kopo liko ndani yake. Huo wa ukutani muanze nao, una jani moja tu.

Bibi yenu wa nyumba ya mwembe