Risala kwa Mgeni Rasmi: Watoto Wanaofika Shuleni Katikati ya Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Afisa Elimu Kata na Ndugu Mtendaji wa Kata,
Wenyeviti wa Mitaa, walimu wakuu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wapendwa,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Karibu Ngamiani, hapa Tanga mjini. Tumeambiwa risala isiwe ndefu, na pilau limeshaanza kunukia, kwa hiyo historia ya kikundi tutaipitia haraka. Sisi ni wazazi, mabibi na walimu wastaafu tunaowatafutia nafasi za shule watoto wanaofika mitaani kwetu masomo yakiwa yameshaanza. Ofisi hatuna. Tuna kabati moja la sare, nyingi zikiwa za darasa la saba tunazoziomba wakimaliza mtihani, na simu zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto hachagui mwezi wa kufiwa. Wapo wanaoletwa kwa bibi zao kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, mzazi akiwa amefariki au kibarua kimekwisha. Wapo waliotolewa kwenye kazi za ndani. Yupo aliyetoka mahabusu ya watoto akakabidhiwa kwa mjomba wake. Wapo tunaowakuta kwenye soko la samaki la Deep Sea asubuhi ya siku ya shule, wanapara samaki wa watu. Wote hao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa haki ya kusoma, na shule ya msingi ya serikali haina ada. Sheria ya Elimu nayo inamshika mzazi asiyemwandikisha mwanawe. Ajabu yake ni kwamba mzazi huyohuyo akijitokeza na mtoto mwezi wa tano, anaambiwa: "Njoo Januari."

Hatusemi haya kuwasuta walimu wakuu, ambao wengine wamo humu na wanatutazama kwa jicho la pembe. Chumba kinachotakiwa kuwa na watoto 45 kimeshapita hapo zamani. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na si yote inayofika shuleni kama fedha. Nayo hufuata idadi iliyokwisha kupelekwa juu, kwa hiyo mtoto wa mwezi wa tano anaingia darasani fungu lake likiwa halimo. Akiwa wa darasa la nne au la saba, usajili wa mtihani umeshapita, na mwalimu anaogopa wastani wa shule utashuka. Suala la madawati na fedha tunakubaliana nao. Hili la wastani hatulikubali hata kidogo.

Kinachokwamisha zaidi ni karatasi. Mwaka huu tulimsindikiza bibi mmoja wa Makorora na mjukuu wake wa darasa la tatu. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki iliyochanika kwenye mikunjo, na daftari la Hisabati lenye muhuri wa shule ya zamani. Ndivyo vilivyopatikana baada ya msiba. Cheti cha kuzaliwa hakuna, barua ya uhamisho hakuna, namba ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi kwenye mfumo, hakuna aijuaye. Shule ya kwanza ilimwambia akalete uhamisho. Aufuate kwa nauli ipi, na huku mtoto amwachie nani?

Shule ya pili, mwalimu mkuu aliusoma ule muhuri, akatafuta simu ya mwenzake wa kule, akasomewa namba ya PREM palepale. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaliandika jina la mtoto chini ya jina la mwisho, kwa penseli. "Nenda darasani," akamwambia, "wino utafuata." Na ulifuata, uhamisho ulipokamilika kwenye mfumo. Mtoto hakukosa hata kipindi kimoja zaidi.

Wapo ambao kupata kiti hakutoshi. Kijana wa miaka 12 asiyewahi kushika kalamu, ukimkalisha na watoto wa miaka sita, atavumilia siku chache kisha atarudi kwenye samaki. MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, iliwekwa kwa ajili ya huyo. Lakini darasa la MEMKWA lisilo na mwalimu wake linabaki kuwa safu kwenye ubao wa takwimu ofisini. Mabinti waliojifungua nao wamefunguliwa mlango na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Wengi hawataki kurudi pale walipochekwa, wanaomba shule nyingine, na hapo tunarudi kulekule kwenye uhamisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa halina gharama. Tunaomba utusaidie ipatikane barua ya Halmashauri inayomruhusu, tena inayomwelekeza, mwalimu mkuu ampokee mtoto kwanza, kisha shule yenyewe ifuatilie uhamisho kwa shule aliyotoka, si bibi. Mwalimu aliyetumia penseli alijitwika jambo hilo peke yake. Tungependa awe na karatasi ya kumlinda siku akija mkaguzi. Tunaomba pia kata iwe na mtu mmoja anayejulikana, wa Elimu au wa Ustawi wa Jamii, ambaye mlezi akifika kwake hatumwi mlango mwingine. Mwalimu wa MEMKWA tunamhitaji kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa saba. Na madawati, kwa kuwa risala isiyoomba madawati bado haijasomwa Tanga.

Watoto walio mikononi mwetu bila nafasi hatukuwasimamisha mbele yako wapigwe picha. Majina yao, umri na madarasa waliyofikia yamo kwenye bahasha tutakayokukabidhi pamoja na risala hii, na namba ya simu ya katibu wetu iko juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.