Jiko linafuka moshi? Angalia unene wa kuni kwanza

Malalamiko tunayoyapata zaidi baada ya kumfungia mtu jiko banifu (jiko la kuni lililozibwa pembeni ili litumie kuni chache) ni haya: "Fundi, mbona linafuka kuliko mafiga?" Tukifika, mara nyingi jiko ni zima. Mdomoni limesokomezwa gogo la mti wa mwati, nene kama paja la mtoto, limeziba karibu tundu lote, na ncha ya nje inachuruzika povu.

Kwenye mafiga gogo hilo lingewaka, kwa kuwa hewa inaingia kila upande. Jiko banifu linavuta hewa kupitia mdomoni tu. Mdomo wa jiko letu la nyumbani ni sentimita 12 kwa 12, na kuni zinakaa juu ya kichanja cha chuma. Chini ya kichanja pabaki wazi, pasijae majivu wala vijiti. Ukipaziba, moto unakosa hewa na moshi unakurudia usoni.

Kwa mapishi ya kawaida, pasua kuni ziwe nene kuliko dole gumba lakini zisizidi kifundo cha mkono. Weka tatu au nne, ziachiane nafasi kidogo, kisha uzisukume ndani kadiri ncha zinavyoungua. Gogo la kipenyo cha sentimita 10 ukilipasua vipande vinne, eneo la ubavuni linaloshika moto linakuwa zaidi ya mara mbili. Kuni ni zilezile, ila sasa zinawaka badala ya kufuka.

Wengine wakishasikia hivyo wanachanja kila kitu kuwa vibanzi. Hapana! Vibanzi vingi vinashika vyote kwa pamoja, ndimi za moto zinapanda hadi ubavuni mwa sufuria, masizi yanajaa, na mpishi hawezi hata kwenda kuchota maji. Hivyo ni vya kuwashia.

Maharage yanataka mpango wake. Anza na kuni nyembamba mpaka yachemke vizuri, halafu bakiza kipande kimoja au viwili vya unene wa kifundo, funika sufuria, uendelee na kazi nyingine. Ugali unataka moto wa haraka, kwa hiyo rudi kwenye nyembamba. Mama wa maandazi ndiye anayefaidi zaidi kuni zenye unene mmoja, maana mafuta yakipoa katikati ya kazi andazi linayanywa.

Kuna sababu nyingine ya kupasua mapema: kukauka. Mti mbichi unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, na gome linayazuia yasitoke. Hapa Njombe tuna bahati ya miwati, ambayo magome yake huchunwa kwa ajili ya kusindika ngozi, hivyo magogo mengi yanatufikia yakiwa tayari hayana gome. Mkaratusi upasue ukiwa mbichi. Ukikauka utagombana na shoka. Panga kuni juu ya vitalu, juani, mvua za Novemba zisizikute. Zilizokauka zina nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali.

Tunapasua kuni kwa oda pia. Ukija, njoo na kipimo cha mdomo wa jiko lako, hata kama halikujengwa na sisi, na utuambie unapika nini zaidi.