Historia ya Korogwe isiwasahau manamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mji wetu. Kila historia ya Korogwe inaposimuliwa, tunasikia habari za reli ya Wajerumani na za Dk. Richard Hindorf aliyeleta miche ya mkonge mwaka 1893. Ni sawa. Lakini nani aliukata huo mkonge?

Babu yangu alitoka Songea kama manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge. Kipande chake cha siku 30, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, bibi alikihifadhi ndani ya kopo la maziwa, juu ya kenchi. Nimekishika mwenyewe, pembe zimeliwa na mende. Babu alitoka alfajiri akiwa na panga, akakata majani, akayafunga mafungu mafungu. Jioni bibi alimtoa miiba viganjani kwa sindano, kibatari kikiwa sakafuni. Nyumba yao ya kwanza kuta zake zilikuwa milingoti ya mkonge na udongo. Posho ilikuwa unga na maharage, basi bibi akalima mchicha kando ya mto Pangani, huku mtoto mmoja akiwekwa kuangalia mamba. Ule mchicha ndio uliomsomesha baba.

Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Naziomba halmashauri na shule zetu ziwatume vijana na simu zao wakawarekodi, na vipande vilivyobaki vitafutiwe kabati la kioo pale mjini. Cha babu nitakitoa mimi wa kwanza.

Mjukuu wa manamba,
Korogwe, Tanga