Mhandisi aliyekimbiwa na watoto

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako miguu imepungua kuvimba, na mdogo wako anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu juzijuzi kwenye simu nilikukatisha. Ulianza kunieleza habari za Mjapani mmoja mwandishi wa vitabu vya watoto, nami nikakwambia mambo ya kuchorea watoto picha hayalipi ada, nikageuza mazungumzo. Ulipokata simu mama yako alinitazama tu, hakutia neno. Bahati mdogo wako alikuwa amelishika lile jina: Kako Satoshi. Nikamwambia anitafutie habari zake, na siku nne hizi namsoma mtu huyo kila nikitoka kazini.

Alizaliwa 1926 huko Takefu, mkoa wa Fukui. Alipokuwa kijana alitamani kuwa rubani wa kivita, kama wavulana wengi wa wakati ule. Macho yake hayakuona mbali, akakataliwa. Wenzake waliopokelewa waliruka, na wengi hawakurudi. Vita ilipokwisha Agosti 1945 alikuwa na miaka 19, yuko chuo kikuu Tokyo, hai kwa sababu ya macho mabovu. Akawaona watu wazima waliokuwa wakiishangilia vita wakigeuza ndimi, wakidai tangu mwanzo hawakuitaka. Hakuwaamini tena. Lakini linalonigusa zaidi, mwanangu, ni kwamba na nafsi yake hakuisamehe, maana naye aliitaka vita ile. Aliona uhai uliobaki ni deni, akalilipa kwa watoto, ili wao wakue wakipima mambo kwa akili zao wenyewe, wasiburuzwe kama alivyoburuzwa yeye.

Mwaka 1948 akahitimu uhandisi, fani ya kemia kama wewe, akaajiriwa na kampuni ya kemikali ya Showa Denko. Mchana maabara. Siku za mapumziko alikwenda Kawasaki, mji wa viwanda, kwenye kituo cha kujitolea katika mtaa wa wafanyakazi, kuwasimulia watoto hadithi kwa kamishibai. Wewe unazijua, lakini nakuandikia nilivyoelewa mimi, unisahihishe: ni kadi kubwa za picha zinazopangwa ndani ya fremu ya mbao yenye milango. Msimuliaji anafungua milango, anasoma maneno yaliyo nyuma ya kadi, kisha anaichomoa kwa ubavuni, na picha inayofuata inajitokeza kidogo kidogo kadiri anavyovuta. Akivuta polepole, watoto wanashika pumzi. Akivuta ghafla, wanaruka.

Sasa sikiliza. Watoto wale hawakuwa na adabu za kumvumilia. Hadithi ikipooza, mmoja anainuka, wa pili anamfuata, wote wanakwenda zao kukamata kereng'ende na kuvua kamba. Daktari mtarajiwa wa uhandisi anabaki na kadi zake mkononi! Naye hakuwalaumu. Alirudi nyumbani akachora upya, akaja tena wiki iliyofuata. Hapo niliweka simu chini, nikafikiri. Mimi nimetengeneza mashine miaka ishirini na sita, na mashine ikigoma siigombezi, natafuta nilipokosea. Ila wewe ulipokuwa ukinieleza jambo nami silipendi, niliona kosa ni lako.

Kuna hadithi moja aliyoichora mbiombio kwa ajili ya watoto hao, ya shule ya wezi. Mwalimu anawafundisha wanafunzi wake kuiba, usiku mmoja anawaongoza kwa kunyata hadi kwenye jengo kubwa, wanaingia, kumbe ni gereza. Picha zake hazikuwa na ufundi wa zile alizozihangaikia, lakini hiyo ndiyo watoto walidai waisikie tena na tena. Ikaja kuwa kitabu mwaka 1973.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1959, nacho kinahusu wajenzi wa bwawa la umeme. Mwaka 1962 akatoa kingine kinachoufuata mto kutoka milimani hadi baharini, ukurasa kwa ukurasa, na mwaka huohuo akapata udaktari wa uhandisi. Kiwandani alikaa miaka kama ishirini na mitano, akaacha 1973 akiwa na miaka 47. Sikuandikii haya ili uone kwamba usiache chuo. Nasema tu kwamba elimu ile haikupotea, kwa sababu mto wa kitabuni umechorwa na mtu anayejua maji yanavyofanya kazi. Alifariki Mei 2018, ana miaka 92, ameacha vitabu zaidi ya 600.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kitabu chake cha 1967. Daruma mdogo, yule mdoli wa Kijapani mwekundu wa mviringo, ana rafiki yake Tengu, kiumbe wa milimani mwenye pua ndefu. Daruma anatamani kipepeo cha mkono, cha kujipepea, kama cha rafiki yake. Baba yake anakwenda kumletea vipepeo vya kila namna, ukurasa mzima umejaa. Mtoto anatazama, hakuna anachokitaka, anatoka nje anachuma jani lililochanua kama kiganja. Basi kimepatikana. Kofia hivyo hivyo: baba analeta lundo, mtoto anajifunika bakuli. Mwisho anataka pua. Kwa Kijapani neno “hana” ni pua na ni ua pia, basi baba anamletea maua tele! Kwetu nasi ni herufi moja tu inayotenganisha pua na ua. Mtoto anakasirika, baba anaelewa, na safari hii wanatwanga wali wa kunata, anamfinyangia pua ndefu.

Nimekusomesha kwa moyo wote, na nakuletea lundo tangu ukiwa mdogo. Maua nimekuletea mengi, mwanangu. Nisamehe kwa siku ile.

Nimepata ubao wa mninga kwa fundi jirani, umekauka vizuri. Jana nimeuranda, na bawaba ndogo sita za milango nimeshanunua. Nilitaka kukata leo, nikajizuia, maana sijui kadi unazowachorea watoto wako wa Jumamosi zina ukubwa gani, wala unachomoa kwa mkono upi. Nipimie urefu, upana na unene wa kadi zote zikiwa pamoja, unitumie. Sitakata mpaka nipate jibu lako.

Baba yako