Barua kwa binti yangu aliyebeba kamera yangu

Goma

Furaha mama, mwanangu,

Nashukuru Mungu umefika Bukavu salama. Ila uliponiambia kwenye simu kwamba lenzi ilishika vumbi njiani ukaipangusa kwa pembe ya kitenge, usingizi ulinipaa.

Ule mkwaruzo ulio kwenye lenzi niliuweka mimi. Januari 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilipopita katikati ya mji ikaingia ziwani, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Tuliporudi nilitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado yanafuka, nikipiga foto za watu waliokuwa wakitafuta mahali nyumba zao zilipokuwa. Vumbi jeusi likajaa kwenye kioo, nami nikalifuta haraka kwa nguo. Nilisikia mkwaruzo chini ya kidole. Tangu siku hiyo, ukielekeza kamera upande wa jua, mwanga unatawanyika pale pale. Vumbi letu ni jiwe la volkano lililosagika, mwanangu. Ukilisugua, linakwangua ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na utando huo haurudi.

Kwa hiyo puliza kwanza. Geuza lenzi itazame chini, minya kile kipulizo cha mpira mara kadhaa, vumbi lianguke lenyewe. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Lililobaki liondoe kwa brashi laini ambayo hujaigusa nywele zake kwa vidole. Kitambaa kinakuja mwisho kabisa, tena kwa ajili ya mafuta ya vidole tu: tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, maana maji hupenya pembeni yakaingia ndani. Zungusha polepole kutoka katikati kwenda nje. Na vumbi likiwa dogo, liache. Kwenye foto halionekani. Kioo cha nyuma ndicho cha kuchunga zaidi, alama ya kidole pale inaharibu picha upesi.

Huko kwenu mvua ni nyingi, na unyevu naogopa kuliko vumbi. Usifungie lenzi kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati. Kuvu huota humo kama nyuzi za buibui, na asidi yake hula kioo. Kila mwezi washa tochi, umulike upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi, nipigie, usiifungue mwenyewe. Badala ya kabati, iweke lenzi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishalowa havina kazi tena mpaka vikaushwe kwa joto.

Kipulizo kilibaki mezani kwangu. Nimekifunga pamoja na kitambaa kipya na vijifuko sita, nimempa shangazi yako anayepanda boti Alhamisi jioni. Mpokee bandarini Ijumaa asubuhi. Hadi hapo, usiifute.

Mama yako